Guruneti chini ya bati: Teknolojia ya kutambua silaha zilizofichwa inafika wapi Bujumbura?

Jumamosi ya Novemba 7, 2015 ilikuwa mwisho wa siku tano ambazo Rais wa wakati huo wa Burundi, Pierre Nkurunziza, alikuwa amewapa raia wenye silaha kinyume cha sheria wazisalimishe. Jumapili yake polisi walianza kusaka nyumba kwa nyumba katika mtaa wa Mutakura, kaskazini mwa Bujumbura. Katika mtaa jirani wa Cibitoke, kama katika vitongoji vingine vilivyokuwa kitovu cha maandamano tangu Aprili mwaka huo, familia nyingi zilikuwa zimekwisha kufungasha na kuondoka kabla ya muda huo kwisha.

Msako wa namna hiyo hutegemea zana za zamani kuliko zote: macho, mikono na maneno ya mtoa habari. Mlango hubishwa, magodoro hugeuzwa, magunia ya mchele na maharage hutobolewa, ardhi ya uani huchimbwa. Nyumba isiyo na kitu na nyumba yenye silaha hutendewa sawa, kwa sababu aliyesimama mlangoni hana njia ya kuzitofautisha. Kwa mkazi wa Cibitoke, basi, suala la vifaa vya kutambua silaha si la wahandisi peke yao. Kifaa kinachoweza kuonyesha kwa usahihi mahali silaha ilipo kingepunguza idadi ya milango inayofunguliwa kwa nguvu, na idadi ya vijana wanaochukuliwa kwa sababu tu walikutwa ndani.

Je, kifaa hicho kipo? Kwa sehemu, ndiyo, na baadhi ya kazi bora ya utafiti huo imefanyika Afrika Mashariki yenyewe, Morogoro nchini Tanzania. Lakini kati ya uwanja wa majaribio na uani mwa nyumba ya mjini kuna umbali mkubwa.

Mtaa wa Cibitoke

Cibitoke inayozungumzwa hapa ni mtaa wa kaskazini mwa jiji la Bujumbura, unaopakana na Ngagara, Mutakura na Kamenge. Usichanganywe na mkoa wa zamani wa jina hilohilo ulioko kaskazini magharibi, kwenye mipaka ya Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mtaa huu ulikuwa moja kati ya tarafa 13 za jiji hadi zilipounganishwa kuwa tatu, nao ukaingia katika tarafa ya Ntahangwa. Ni mtaa wa nyumba zilizobanana, kuta za matofali, mapaa ya bati na nyua ndogo ambazo mara nyingi hutumiwa na zaidi ya familia moja.

Historia yake ya silaha ni ndefu kuliko mgogoro wa 2015. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 21, 1993, vita vilivyofuata viliigawa mitaa ya kaskazini ya mji mkuu kwa misingi ya kikabila. Wahutu waliokuwa wakiishi Cibitoke walifukuzwa au kukimbia katika miaka ya 1994 na 1995, wakati Watutsi walipokuwa wakikimbia Kamenge na Kinama. Makundi ya vijana yalijihami kila upande. Mkataba wa amani wa Arusha ulitiwa saini Agosti 28, 2000, na kundi la mwisho la waasi, FNL, liliweka silaha chini mwaka 2009. Bunduki na maguruneti hayakufuata ratiba ya mikataba. Utafiti wa taasisi ya Small Arms Survey, uliochapishwa mwaka 2007 kwa kushirikiana na shirika la haki za binadamu la Ligue Iteka, ulikadiria kwamba kaya zipatazo 100,000 nchini Burundi bado zilikuwa na silaha.

Kati ya silaha hizo, guruneti ndilo lililowasumbua zaidi wakazi wa mjini. Hutoshea kiganjani na huuzwa kwa bei ndogo kuliko bunduki. Mwenye kulirusha hahitaji mafunzo marefu, na baada ya mlipuko ushahidi mwingi huwa umetawanyika. Maguruneti yalirushwa mitaani na sokoni Bujumbura wakati wa maandamano ya 2015. Mashambulizi ya aina hiyo yalirudi Septemba 2021 katika vituo vya mabasi, na tena Mei 10, 2024, ambapo makumi ya watu walijeruhiwa. Serikali ililaumu kundi la waasi la RED-Tabara, na kundi hilo likakanusha.

Kifaa kinacholia kila mahali

Kifaa cha kutambua metali ndicho cha kwanza kufikiriwa, na ndicho cha kale zaidi kati ya vile vinavyotumika hadi leo. Toleo la kubebwa mkononi lilibuniwa na Józef Kosacki, ofisa wa jeshi la Poland aliyekuwa uhamishoni Uingereza, na likatumiwa mwaka 1942 kusafisha mabomu ya ardhini katika vita vya El Alamein nchini Misri. Namna linavyofanya kazi haijabadilika sana. Mzunguko wa waya hutuma mawimbi ya sumaku ardhini. Mawimbi hayo yakigusa kipande cha metali, huamsha mkondo mdogo wa umeme ndani ya kipande hicho, nao hurudisha mawimbi yake. Kifaa hupokea marejeo hayo na kulia.

Tatizo ni kwamba kifaa hakijui kimelilia nini. Katika shamba lililotegwa mabomu, waondoaji mabomu hulazimika kuchimbua mamia ya misumari, maganda ya risasi na vipande vya waya kwa kila bomu moja wanalolipata, na kila kipande hufukuliwa kwa tahadhari ileile kana kwamba ni bomu. Hapo ni shambani. Cibitoke ina paa la bati, nondo ndani ya ukuta, sufuria, vyuma vya baiskeli, majembe, na vizibo vya chupa vilivyokanyagwa ardhini kwa miaka thelathini. Kifaa kingelia kuanzia geti hadi jikoni. Hufaa zaidi pale ambapo mtu mmoja hupita peke yake bila mzigo, kama katika malango ya viwanja vya ndege, mahakama na hoteli, ambako mkaguzi huuliza tu kilicho mfukoni.

Burundi yenyewe ina uzoefu na kazi hii ngumu. Iliridhia Mkataba wa Ottawa unaopiga marufuku mabomu ya kutegwa dhidi ya watu mwaka 2003, na mwaka 2011 ikatangaza kwamba imekamilisha kuyaondoa, zaidi ya miaka miwili kabla ya muda uliowekwa na mkataba huo. Sehemu ya maeneo ya mwisho yaliyoshukiwa ilikuwa kandokando ya nguzo za umeme magharibi mwa nchi. Nguzo ya umeme, kwa kifaa cha metali, ni mahali pabaya kama uani mwa nyumba ya bati.

Pua ya panya buku

Njia ya pili ni kuachana na metali na kutafuta kilipuzi chenyewe. Kila kilipuzi huachia hewani chembe chache sana za kemikali zake. Mbwa wamefunzwa kuzinusa tangu Vita vya Pili vya Dunia. Mbwa, hata hivyo, ni ghali kuwatunza katika nchi za joto, hushikamana na mwalimu mmoja, na ni wazito kiasi cha kuweza kulipua wanachokitafuta.

Mwaka 1997 Mbelgiji Bart Weetjens, aliyefuga panya utotoni, alianzisha shirika la APOPO kwa wazo ambalo wengi waliliona la kichekesho: kumfundisha panya. Mwaka 2000 makao ya mafunzo yalihamia Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mnyama aliyechaguliwa ni panya buku, ambaye katika vijiji vingi vya Tanzania hujulikana zaidi kama mharibifu wa mazao. Macho yake ni dhaifu, na huenda ndiyo sababu pua yake imekuwa kali kiasi hicho. Uzito wake hauzidi sana kilo moja, hivyo hupita juu ya bomu la kutegwa bila kulilipua. Huishi hadi takriban miaka minane akitunzwa vizuri.

Mafunzo huanza panya akiwa na wiki chache tu. Kwanza huzoeshwa watu, kelele na mwanga. Kisha hufundishwa kwamba mlio mdogo wa kibonyezo maana yake ni chakula, kwa kawaida kipande cha ndizi au njugu. Hatua kwa hatua mlio huo hutolewa pale tu anaposimama juu ya harufu ya TNT. Baada ya miezi tisa hivi huwa anaweza kutembea kwenye kamba iliyovutwa kati ya wakufunzi wawili, akinusa ardhi ukanda baada ya ukanda, na kukwaruza mahali alipohisi kilipuzi. Msumari na kizibo cha chupa havimhusu hata kidogo. Kwa sababu hiyo hukagua eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi kwa nusu saa, kazi ambayo mtu mwenye kifaa cha metali anaweza kuimaliza kwa siku nne.

Matokeo yake si ya maabara tu. Panya kutoka Morogoro walishiriki kuondoa mabomu nchini Msumbiji, nchi iliyotangazwa kuwa huru na mabomu ya kutegwa Septemba 2015. Nchini Cambodia, panya aitwaye Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alitunukiwa Septemba 2020 nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA, ambayo hadi wakati huo ilikuwa ikitolewa kwa mbwa. Magawa alistaafu Juni 2021 na akafa Januari 2022. Mwenzake, Ronin, aliingia katika kitabu cha rekodi za Guinness mwaka 2025 kwa kugundua mabomu 109 ya kutegwa ardhini tangu 2021.

Shirika hilo sasa linawafundisha panya kazi nyingine zinazokaribia zaidi mahitaji ya usalama wa mipaka. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, panya walifundishwa kutambua magamba ya kakakuona, pembe za ndovu, pembe za faru na mbao za mpingo, na miezi minane baadaye walikuwa hawajasahau. Mwaka 2023 walijaribiwa katika bandari ya Dar es Salaam wakiwa wamevaa visibau vyekundu. Kifuani mwa kila kisibau huning'inia kitufe ambacho panya hukivuta kwa miguu ya mbele anapohisi harufu aliyofunzwa, na mlio ukasikika. Bandari hiyo ndiyo mlango mkuu wa baharini kwa Burundi isiyo na bahari. Kinachotambuliwa Dar es Salaam kinahusu moja kwa moja kinachofika Bujumbura.

Je, panya buku angefaa Cibitoke? Kwa hali ilivyo, kwa sehemu ndogo. Amefunzwa kufanya kazi kwenye ardhi tupu, saa za asubuhi kabla ya jua kuwa kali, kwenye ukanda uliopimwa kwa kamba. Nyumba ya mjini ina jikoni, choo, kuku, mbwa wa jirani na watu wanaochungulia. Bomu la kutegwa limekaa ardhini miaka mingi na harufu yake imeenea kwenye udongo unaolizunguka, ilhali guruneti lililowekwa juu ya kabati jana halijapata muda huo. Lipo pia suala la kisheria ambalo wahandisi huliruka: mkwaruzo wa panya ni sababu ya kuchimba, lakini hakuna hakimu atakayemfunga mtu kwa mkwaruzo huo. Shambani hilo halina uzito kwa sababu hakuna mshtakiwa.

Fimbo iliyouzwa kama uchawi

Hamu ya kupata kifaa kinachojua kila kitu imewagharimu wengine maisha. Mfanyabiashara wa Uingereza James McCormick aliuza nchini Iraq maelfu ya vifaa vilivyoitwa ADE 651, akidai kwamba vinaweza kutambua vilipuzi kutoka mbali. Kilikuwa mpini wa plastiki wenye antena inayozunguka, bila betri wala saketi yoyote ya maana, na asili yake ilikuwa mchezo wa kutafutia mipira ya gofu uliouzwa kwa chini ya dola 20. Baadhi viliuzwa kwa maelfu ya dola kila kimoja. Askari wa Baghdad walivitumia kwenye vizuizi vya barabara huku magari yenye mabomu yakipita mbele yao.

Mahakama ya London ilimhukumu McCormick kifungo cha miaka 10 Mei 2013. Hata hivyo vifaa hivyo viliendelea kuonekana vizuizini Baghdad hadi Julai 2016, Waziri Mkuu Haider al-Abadi alipoagiza viondolewe baada ya bomu la Karrada kuua mamia ya watu. Miaka mitatu ilipita kati ya hukumu na agizo. Serikali iliyokwisha kulipia kifaa huona shida kukiri kwamba hakifanyi kazi, na askari anayekishika huona afadhali kuwa na kitu mkononi kuliko kutokuwa nacho.

Vifaa halali vya kunusa vilipuzi vipo, na viko katika viwanja vingi vya ndege. Mkaguzi hupangusa begi kwa kitambaa, hukiingiza katika mashine, nayo huzipasha joto chembe zilizonaswa na kupima jinsi zinavyosafiri katika uwanja wa umeme. Mitambo ya eksirei nayo huonyesha umbo na uzito wa vitu ndani ya sanduku au kontena. Yote mawili yanahitaji umeme usiokatika, vipuri, mafundi, na zaidi ya yote mahali ambapo mizigo hulazimika kupita. Ziwa Tanganyika, lenye mitumbwi ya wavuvi inayotua usiku katika fukwe nyingi, halina lango kama hilo. Wala Cibitoke.

Silaha yenye jina

Kama ni vigumu kuipata silaha ilipofichwa, inawezekana angalau kujua ilitoka wapi baada ya kupatikana. Teknolojia hii haina mvuto wa kamera wala panya, na pengine ndiyo yenye manufaa zaidi kwa kanda hii: kuandika nambari kwenye chuma.

Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini Aprili 21, 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Burundi ikiwa miongoni mwao, inazitaka nchi kuweka alama ya kudumu kwenye kila silaha ndogo, ikiwa ni pamoja na zile zilizo mikononi mwa dola. Ilifuatwa na chombo cha kimataifa cha kufuatilia asili ya silaha kilichopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2005. Kituo cha kikanda cha RECSA, chenye makao yake Nairobi, kiligawa mashine za kuchonga alama kwa nchi wanachama. Sindano inayoongozwa na kompyuta hugonga juu ya chuma nukta zinazounda herufi za kutambulisha nchi na taasisi inayomiliki silaha, pamoja na nambari yake, na nambari hiyo huingizwa katika daftari la kielektroniki.

Faida yake huonekana siku silaha inapokamatwa mikononi mwa mhalifu. Bila alama, bunduki ya AK iliyokutwa Cibitoke ni chuma kisicho na ukoo. Inaweza kuwa imetoka kambi ya jeshi, ghala la polisi, waasi wa zamani au ng'ambo ya mto Rusizi. Ikiwa na alama na kumbukumbu zikiwa sahihi, mchunguzi anaweza kusema ilitoka ghala gani, na nani aliikabidhiwa mara ya mwisho. Hapo ndipo teknolojia hii inapogusa pasipotarajiwa: mara nyingi mkondo wa silaha haramu huanzia katika ghala halali. Alama humfuatilia raia, na humfuatilia ofisa aliyeuza au kuazimisha silaha vilevile. Si kila mwenye mamlaka hufurahia chombo chenye makali pande zote mbili.

Kwa guruneti hali ni ngumu zaidi. Kwa kawaida huwa na nambari ya kundi lililotengenezwa pamoja, si nambari yake peke yake, na kundi moja linaweza kuwa na maelfu. Mchunguzi anaweza kufika kiwandani na pengine kwa nchi iliyonunua. Kumfikia mtu wa mwisho ni nadra.

Hatua nyingine iliyofanyika Burundi ilikuwa kupunguza kile kinachoweza kuibwa. Mwaka 2009, kwa msaada wa shirika la MAG na fedha za Marekani, jeshi liliharibu zaidi ya makombora 300 ya kurushwa begani, yenye uwezo wa kuangusha ndege. Mwaka huohuo, hadi mwisho wa Oktoba, raia walipewa muda wa kusalimisha silaha bila kushtakiwa, na wengi walifanya hivyo. Hakuna kifaa kilichotumika katika kampeni hiyo. Ilifanyika wakati vita vilikuwa vimekwisha na mwenye silaha aliamini kwamba akijitokeza atarudi nyumbani. Novemba 2015 imani hiyo haikuwepo, na muda wa siku tano haukutosha kuijenga.

Daftari la nyumba na kamera ya barabarani

Pale ambapo silaha haionekani, mamlaka hugeukia kufuatilia watu. Burundi ina chombo chake kisichohitaji umeme: daftari la kaya, ambalo kila nyumba ya mjini hutakiwa kuwa nalo, likiorodhesha wote wanaolala humo. Polisi wakija usiku hulinganisha majina na vichwa. Mgeni asiyeandikwa huwa na maelezo ya kutoa, na mwenyeji wake pia. Sambamba nalo uko mtandao wa nyumbakumi na kamati za usalama za mitaa, neno ambalo msomaji wa Tanzania au Rwanda hahitaji kufafanuliwa. Watetezi wa chombo hiki husema mgeni mwenye nia mbaya hakosi kuonekana. Mashirika ya haki za binadamu yamelalamika kwamba katika vitongoji vilivyoandamana mwaka 2015 daftari hilo liligeuka sababu ya kukamata watu.

Majirani wamechagua kamera. Kenya iliingia mkataba na kampuni ya Safaricom mwaka 2014, mwaka mmoja baada ya shambulio la Westgate, wa kujenga mfumo wa mawasiliano ya polisi na kamera zipatazo 1,800 Nairobi na Mombasa. Uganda ilianza mwaka 2018 kufunga mfumo wa kampuni ya Huawei wenye thamani ya dola milioni 126, baada ya mauaji ya watu mashuhuri akiwemo ofisa wa polisi Andrew Felix Kaweesi. Mwaka uliofuata gazeti la Wall Street Journal liliripoti kwamba mafundi wa kampuni hiyo waliwasaidia maafisa wa Uganda kuingilia mawasiliano ya mwanasiasa wa upinzani Bobi Wine. Huawei na serikali walikanusha.

Kamera, tofauti na panya wa Morogoro, haijui inachokitafuta mpaka mtu aiambie. Inaweza kufuata pikipiki iliyobeba muuaji na inaweza kufuata pikipiki iliyobeba mwandishi wa habari, kwa ustadi uleule. Na guruneti lililo ndani ya mfuko wa kitenge haliioni.

Jicho la angani

Katika mgogoro wa Bujumbura kulikuwa na tukio moja ambapo teknolojia ya kutambua ilielekezwa upande wa pili. Alfajiri ya Desemba 11, 2015 watu wenye silaha walishambulia vituo vya kijeshi, ikiwemo kambi ya Ngagara iliyo jirani na Cibitoke. Jeshi lilitangaza kwamba watu 87 waliuawa, wanane kati yao wakiwa wa vikosi vya usalama. Saa zilizofuata, vikosi viliingia katika mitaa iliyojulikana kwa upinzani, na wakazi wakasimulia juu ya watu waliotolewa majumbani na kuuawa, na miili iliyopakiwa kwenye magari.

Januari 29, 2016 shirika la Amnesty International lilichapisha picha za setilaiti za Buringa, nje kidogo ya jiji. Wachambuzi walilinganisha picha za nyakati tofauti za eneo hilohilo na kubaini sehemu tano ambapo ardhi ilikuwa imechimbuliwa na kufukiwa. Mashahidi walikuwa wamesema makaburi yalichimbwa mchana wa Desemba 11. Udongo mpya huakisi mwanga tofauti na udongo uliotulia wenye majani, na tofauti hiyo huonekana kutoka mamia ya kilomita angani. Wiki mbili kabla, Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, Zeid Ra'ad Al Hussein, alikuwa amesema ofisi yake imepokea taarifa za makaburi ya halaiki yasiyopungua tisa ndani na kandokando ya Bujumbura. Serikali ilikanusha tuhuma hizo.

Setilaiti ina mpaka wake kama kifaa cha metali. Huonyesha kwamba ardhi imeguswa; haionyeshi nani amelala chini, alikufaje, wala kwa mkono wa nani. Hayo hupatikana kwa jembe, kwa daktari wa uchunguzi wa maiti na kwa vipimo vya vinasaba vinavyolinganishwa na vya ndugu. Septemba 30, 2016 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliunda tume ya kuchunguza yaliyotokea Burundi tangu Aprili 2015. Burundi ilikataa kuipa ruhusa ya kuingia nchini. Tume iliwahoji mamia ya wakimbizi na mashahidi walio nje, ikatoa ripoti kila mwaka, na ikamaliza muda wake mwaka 2021 bila wachunguzi wake kukanyaga Buringa wala Cibitoke.